Profesa wa Shimo la Pili

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Bibi, si hata mto wangu wa kulalia. Sijawahi kuvuka shimo la pili.

Naandika tena ili nijiamini: shimo la pili, hatua ya kwanza, gemu ile ya kuruka ambayo watoto wa chekechea wanaimaliza huku wanatafuna biskuti. La kwanza navuka, siku nikibahatika. La pili linanimeza. Mwaka wa pili sasa linanimeza. Mimi! Ninayeitwa Profesa shule nzima!

Anayevuka ni Bibi. Mama yake Mama, karani mpiga taipu mstaafu, miwani yenye kamba shingoni. Kila mchana akishakula anakaa mbele ya runinga, ananyoosha vidole kumi, anamaliza dunia zote nane kabla chai haijapoa. Mwaka jana nilipiga picha runinga ikiwa imeandika HONGERA, nikawaonyesha wenzangu. Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina kona nyingi, ndiyo maana nachoka.

Baada ya picha nikapewa safu kwenye gazeti la ukutani. Ukurasa wa Kuruka, kila Jumatatu, lugha mbili bega kwa bega. Kwa lugha ya darasani uongo wangu huvaa suti na tai. Kwa Kiswahili hutoka na kandambili, kila mtu anaona vidole. Lakini kuandika napenda. Kabla ya safu niliitwa Yule wa Dirishani. Mwalimu wa hesabu aliwahi kuandika sikufika, nami nimekaa mbele yake, nimeshika chaki aliyonituma.

Makala ya leo: mashine mpya ya gemu, na gemu za kuruka zitakavyokuwa. Nilieleza kwamba mashine za zamani zilikuwa na kumbukumbu finyu, ndiyo maana dunia ilikuja vipande vipande na shimo likawa shimo tu. Mpya itakumbuka kila unyayo. Jiwe likikanyagwa sana litalika. Ukianguka, alama yako itabaki pale uione ukirudi. Kingo zilizonyooka kama rula zitakwisha. Ardhi itakuwa ardhi. Hayo niliyawaza wiki nzima, na nayaamini. Kisha makala ikapungua mistari minne. Nikiwa bafuni, sabuni machoni, nikazua: rimoti mpya itahisi mikono ya mchezaji. Mikono ikitetemeka, na ardhi itatetemeka.

Kidole alisoma akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tuko naye darasa moja. Jina amepewa kwa kasi ya kidole gumba chake, na ile picha hajawahi kunisamehe. Akasema Profesa kaota mchana, amwagiwe maji.

Halafu akaja Mhariri, dada wa kidato cha juu anayesimamia gazeti. Akasema Fundi, yule anayetengeneza runinga nyuma ya soko, anapokea mashine mpya Jumamosi. Anataka mimi niwe wa kwanza kuicheza. Mbele ya watu. Kisha Kidole, tuone mbabe nani. Nilitaka kukataa. Kichwa kikaitikia chenyewe. Kichwa gani hiki, jamani!

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kuumia mkono. Rahisi. Safi. Hauna mashahidi.

Nikachukua bendeji kwenye kabati la Mama, nikafunga mkono wa kulia mpaka kiwiko. Nikafika shuleni nikikunja uso. Wakanihurumia! Mtu mmoja alinibebea mkoba. Hata maumivu nilianza kuyasikia.

Saa nne nikaenda chooni. Kufungua zipu kwa mkono mmoja si kazi ndogo. Nikavua bendeji, nikamaliza, nikaifunga upya. Kidole akaniangalia kipindi kizima. Mwishoni akauliza, kwa upole wa kutisha, maumivu yalihama saa ngapi. Nikaangalia. Nimefunga wa kushoto.

Nyumbani mambo yakaharibika zaidi. Mama anauza dawa. Majeraha anayajua kama wengine wanavyojua majirani. Akafungua bendeji taratibu. Akaugeuza mkono. Akaukunja. Akasema mkono mzuri kama huu haufai kukaa bure, akanielekeza kwenye masufuria.

Masufuria manne. Moja lilikuwa limeungua.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili: kujifunza. Aibu kubwa, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Nilimwambia Bibi nataka kucheza kidogo, kupunguza mawazo ya mitihani. Akanisogezea kiti. Nikafa. Nikafa tena. Bibi akahesabu kwa sauti mpaka kumi na tisa, kisha akauliza huyo mwana wa watu kwenye runinga kanikosea nini.

Akanifundisha siri yake. Taipureta ya zamani ilikuwa na kengele. Ukikaribia mwisho wa mstari inalia, ting, herufi chache kabla ya ukingo. Karani mzuri hangoji ukingo. Anasikia kengele, anarudisha gari la mashine linaloshika karatasi, mstari mpya. Basi yeye kila shimo analisikia likilia kabla hajalifika. Ting, anaruka.

Nikasikiliza kwa makini. Nilichosikia ni moyo wangu. Ulikuwa unalia ting mfululizo, kwenye mashimo, kwenye nyasi, hata pasipo na kitu. Nikaruka kila mahali isipokuwa panapotakiwa. Vifo sitini na kimoja.

Bibi akashika mikono yangu. Akauliza mbona ya baridi, mbona inacheza, kuna nini shuleni. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika kwenye meno. Nikasema njaa. Akaenda kunipashia chakula. Nikakila chote, kwa huzuni.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu. Huu ndio wenyewe! Nimeshindwa kutulia darasani kwa furaha.

Nilipita kwa Fundi kukagua uwanja. Chumba chake kina runinga kubwa upande mmoja. Upande wa pili, nyuma ya kiti cha mchezaji, kuna pazia la maua linaloficha runinga zilizokufa. Pazia lina tundu usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Mashine inakuja na rimoti mbili, na hazina waya. Hazina waya! Aliyezibuni alikuwa ananifikiria mimi.

Yaani: Bibi nyuma ya pazia na rimoti ya kweli. Mimi mbele na rimoti iliyozimwa, nabonyezabonyeza.

Kumshawishi Bibi ndiko kulikonitoa kijasho chembamba. Nilimwambia Fundi anatafuta mtu mzima mwenye vidole vya uhakika, apime kama mawimbi ya rimoti yanapita kwenye kitambaa. Akauliza kitambaa gani. Nikasema cha maua. Akafikiri. Akasema kazi ya kitaalamu hiyo, na ni muda mrefu hajaitwa kazini. Akaenda kupiga pasi sketi yake ya ofisi.

Nilimwona kupitia mlangoni akipima kola kwenye kioo.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono unaotetemeka. Si kitu kipya, lakini leo una sababu.

Tulifika mapema. Bibi alivaa sketi ya ofisi na kalamu kifuani. Fundi alikuwa chini ya meza na nyaya mdomoni, akasema shikamoo bila kuinua kichwa. Nikamkalisha Bibi nyuma ya pazia juu ya runinga iliyolala kifudifudi. Nikampa rimoti moja.

Watu wakajaa. Darasa letu lote, na wengine walioingia kwa sababu wameona watu. Mhariri na daftari lake. Kidole na tabasamu lake. Fundi akawasha, akajaribu kidogo mwenyewe kwa kutumia rimoti yangu. Runinga ikaandika: *Tuliza mikono. Ardhi inakusikiliza.* Fundi amekunywa chai tangu alfajiri. Mikono ikamcheza. Na ardhi ikatetemeka! Mawe yakaporomoka kama meno mabovu!

Watu wote wakanigeukia. Mtu akasema Profesa aliyasema haya Jumatatu. Kidole domo wazi, ungeweza kumwekea barua ndani. Nilichokizua na sabuni machoni kilikuwa kweli! Nilikuwa nabii kwa muda wa pumzi mbili. Sijawahi kupata pumzi tamu kama zile.

Pumzi ya tatu nikaelewa nilichotabiri.

Nikakaa. Nikazima rimoti kwa siri. Nikakohoa mara mbili, ishara yetu. Kijana wa kwenye runinga akaanza kukimbia. Alipokanyaga palilika, kama nilivyoandika. Kingo hazikunyooka, kama nilivyoandika. Na ardhi ililala tuli kama maji ya mtungini, maana Bibi mikono yake haijatetemeka tangu siku ya kwanza ya ajira.

Mikono yangu, mbele ya macho ya watu wote, ilikuwa inapeta hewa kama imeshika ungo.

Kidole akaangalia mikono. Akaangalia runinga. Akaangalia mikono. Akasema kwa sauti, polepole, Profesa mwenyewe ndiye alifundisha: mikono ikitetemeka, ardhi inatetemeka. Mbona hii imelala usingizi?

Nikafungua mdomo niseme lolote. Nyuma yangu, ndani ya maua, sauti ikatangulia:

"Loh! Hii mbona haina kengele!"

Fundi akavuta pazia. Bibi alikuwa ameketi wima, magoti pamoja, miwani kwenye ncha ya pua. Hakugeuka. Akanyanyua kidole kimoja tu.

"Ngojeni kwanza. Nina kijana hewani."

Kijana akatua kwenye jiwe la mwisho, nalo linamong'onyoka, akaruka tena, akafika. Chumba kikalipuka. Viti vyote vikageuzwa kuelekea pazia. Kidole, Kidole huyuhuyu, akapiga goti akasema shikamoo Bibi, naomba unifundishe. Bibi akauliza kama mawimbi yamepita kwenye kitambaa. Akaambiwa yamepita vizuri sana.

Hakuna aliyenitukana. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu matatu. Hakuna aliyeniangalia. Nilikuwa Yule wa Dirishani tena, na humo hata dirisha halimo.

Mhariri peke yake akanijia. Akauliza makala zile kaandika nani. Nikasema mimi. Akauliza na utabiri. Nikasema mimi. Akasema basi kuandika huko ndiko nilikopaswa kuonyesha mwaka jana, si picha ya HONGERA. Kisha akasema safu atapewa Kidole kwa sasa, aandike mahojiano na Bibi. Mimi nitaandika Vitu Vilivyookotwa. Wiki hii kimeokotwa kiatu kimoja.

Njiani Bibi alikuwa amekwisha kuunganisha mambo. Vijana walimwambia kuhusu picha. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema alipiga taipu miaka thelathini na minane. Barua nyingine mkubwa alikuwa anamwambia tu, mama, wajibu hao watu, na yeye anaitunga mwanzo hadi mwisho. Chini walisaini wakubwa.

Tukafika kwenye mtaro wa maji machafu. Akasimama hatua moja kabla ya ukingo, akainua sketi, akavuka kama mstari mpya. Mimi nikatumbukia.

Jumapili, 9 Juni

Nimeoga mara tatu. Bado nanuka mtaro.

Bibi hajacheza leo. Runinga imezimwa, chai imepoa yenyewe. Amenisalimia vizuri, na hilo ndilo linalonitesa. Lazima nimwombe radhi, kwa barua, barua anaiheshimu. Nikajaribu. Kwa lugha ya darasani ikatoka na suti na tai, kana kwamba naomba kazi. Kwa Kiswahili ikatoka pekupeku, ikaanza kulia kwenye mstari wa pili. Nikaichana. Bibi amesoma barua za miaka thelathini na minane! Ataona kila kitu!

Saa nane Kidole akaja kuuliza masomo yanaanza lini. Bibi akamwambia leo amepumzika. Nikamkuta Kidole kibarazani, uso umemshuka. Mhariri anataka makala kesho asubuhi, na yeye hajui sentensi inaanzia wapi. Ameandika neno moja: *Bibi*. Amelipigia mstari.

Tukaangaliana.

Mpango wa nne. Huu hauna kasoro, nimeupekua pande zote. Mimi namwandikia Kidole makala, yeye anasaini. Yeye ananiandikia barua ya radhi kwa Bibi, mimi nasaini. Kila mtu anapata anachohitaji, na hakuna anayetetemeka!

Makala yake nimeshaimaliza. Nzuri mno, inaniuma kuitoa. Ilipungua mistari minne, nikaongeza utabiri: mashine itakayofuata itatambua vidole vya mchezaji wa kweli, na itamtaja kwa jina mbele ya watu wote. Nimeisoma tena sasa hivi. Kwa nini nimeandika hivyo? Nani kanituma?

Barua ya Kidole ninayo hapa. Inaanza: *Mpenzi Bibi, mimi mjukuu wako nimekosa sana na naomba tuanze na shimo lile lenye moto.* Itapita. Nimeshatia sahihi.

Kandambili kwenye ukumbi. Ni za Bibi, naujua mburuzo wake. Anakuja. Barua mezani, makala chini yake, na daftari hili limekaa wazi juu ya yote! Amesimama. Huwa anasimama hatua moja kabla ya mlan—