Kifurushi cha Kubofya Mara Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeonewa. Naandika hapa kwa sababu mke wangu amekataa kusikia tena.

Leo duka la dobi la mama mkwe limepata kompyuta mpya. Mimi nilikwenda kuweka programu yangu, ile niliyomtengenezea mwenyewe: jina la mteja, nguo zake, atazichukua lini. Mwanyumba wangu, yaani aliyemuoa dada wa mke wangu, alikwenda kuweka draiva za printa ya lebo na za mizani, kwa kuwa ndiye aliyeziuza. Draiva, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakufa, ni kiprogramu kinachoifundisha kompyuta kuelewana na mashine. Bila hicho, printa ni sanduku tu.

Programu yangu ilikaa kufumba na kufumbua. Hakuna aliyeona. Mama mkwe alikuwa bado anahangaika na kufuli la mlango wa nyuma. Akaniambia kwa kuwa sina kazi, nimsaidie kubeba mashuka mabichi hadi kwenye kamba.

Na draiva za mwanyumba? Zilitambaa asubuhi nzima! Naye muda wote huo amekalia kiti chenye mto, miguu ameinyoosha, anapiga soga. Chai ikaja. Biskuti zikaja. Mama mkwe akasema huyu kijana kazi yake ni ya utulivu, hana papara. Hana papara! Anasubiri mstari wa kijani ufike mwisho wa skrini! Hata paka angeweza.

Si jambo dogo. Mama mkwe anafungua duka la pili, na amesema mkwe mmoja atakabidhiwa mashine zote, za huku na za kule. Mwanyumba ananywa naye chai. Mimi nimelowa mpaka magotini.

Nimeamua. Draiva zote nitazifunga ndani ya programu yangu. Kifurushi kimoja. Unabofya mara moja, kila kitu kinajiweka chenyewe. Mwanyumba hatakuwa tena na sababu ya kukalia kile kiti.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kwa mwanyumba kumwomba zile draiva. Nilimdanganya kwamba nataka kuzihifadhi, zisije zikapotea. Akafurahi! Akanipa flashi hapo hapo, akanipigapiga begani. Akaniambia nikumbuke mambo mawili: mizani isichomekwe kabla skrini haijasema, na draiva ya printa iachwe imalize, kwa sababu huonekana imekufa kumbe inapumua. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu anauza mizani, ananifundisha kompyuta.

Mchana nimejaribu kwenye kompyuta ya mke wangu. Draiva zina maswali kuliko mkaguzi. Unakubali? Una hakika? Tuendelee? Nikakiagiza kifurushi kijibu ndiyo kwa kila swali bila kumsumbua mtu. Kikaanza kazi. Mstari wa kijani ukafika katikati, ukasimama. Nikasubiri. Nikapika wali, nikala, nikaosha vyombo. Mstari pale pale.

Mke wangu ni mwalimu, na alikuwa anataka kujaza alama za wanafunzi wake. Akauliza kompyuta yake ina nini. Nikamwambia inapumua. Amekwenda kuzijazia kwa dada yake. Kwa mwanyumba, kwa maneno mengine. Sikumaliza siku vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba

Ugonjwa nimeujua. Tatizo si kwamba draiva ni za polepole. Tatizo ni kwamba mtu anaziona zikiwa polepole.

Kwanza nilitengeneza mstari wangu mwenyewe, wa bluu, unaokimbia bila kujali draiva zimefika wapi. Ulikimbia vizuri sana, ukafika karibu na mwisho, ukakwama kwa aibu ukisubiri wenzake. Nikauwekea maneno ya kumliwaza mtu: “Tunakaribia.” “Tunapangusa vumbi la mwisho.” Mke wangu akapita, akasoma, akauliza ni nani anayepangusa. Akauliza pia kwa nini nisimwambie tu mama yake kwamba inachukua muda. Huyu mwanamke hajui biashara.

Halafu, wakati nakata kucha, likanijia! Programu yangu ifunguke papo hapo. Draiva ziendelee kujiweka nyuma ya pazia, kimyakimya, wakati mteja ameshaanza kazi. Na ili asiwe na wasiwasi, kila akiomba lebo, skrini imwambie: “Lebo imetoka.” Kwa kuwa itatoka. Suala ni lini tu.

Nimejaribu. Imefunguka kama mlango wa benki unaojifungua wenyewe! Nimejipigia makofi peke yangu sebuleni.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya ushindi. Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Nilifika dukani nikakuta majoho. Majoho kila mahali! Chuo cha ualimu kina mahafali kesho jioni, na majoho yote yameletwa kufuliwa na kupigwa pasi. Yote meusi, yote ya kitambaa kimoja, ila kila mhitimu ameshapimwa na fundi cherehani, kwa hiyo kila joho lina mwenyewe. Kwenye kola kuna kikaratasi chenye jina. Mama mkwe anakibandua, anaandika jina kwenye kompyuta, na printa iliyoko chumba cha nyuma inatoa lebo isiyoharibika kwa maji. Dada wa pasi anaibana kwenye joho. Kikaratasi kinatupwa.

Nikamwambia nimekuja na toleo jipya. Akasema, “Baba, leo hapana. Njoo Jumatatu, haya majoho yakishatoka.”

Nikamwambia ni kubofya mara moja tu, mama. Akasema yeye anaona kazi iliyopo inakwenda. Nikamwambia hata glasi ya maji hutaimaliza. Akashusha pumzi, akanipisha.

Nikafuta programu ya zamani pamoja na draiva za mwanyumba, ili nyumba iwe safi. Nikabofya. Ikafunguka! Akaandika jina la kwanza, skrini ikamjibu: “Lebo imetoka.” Jina la pili: “Lebo imetoka.” Akanigeukia. Akasema, “Eeh! Leo umefanya kitu.”

Tangu nimuoe binti yake sijawahi kusikia maneno hayo. Akaniambia kaa, kwa nini umesimama. Nikakalia kiti chenye mto. Ni laini kuliko kinavyoonekana. Chai ikaja. Nikanyoosha miguu.

Dada wa pasi alichungulia kuuliza mbona lebo hazijafika. Nikamwambia ziko njiani, aendelee kupiga pasi. Nilipoaga, nikaisikia printa huko nyuma ikianza kulia, trr, trr, trr, lebo juu ya lebo. Muziki mtupu. Nimerudi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepigiwa simu na mama mkwe. Hakusalimia.

Dukani nimekuta wahitimu wamejaa mpaka barabarani, wamenyoa, wamesuka, wamevaa viatu vipya, hawana majoho. Majoho yapo. Yamening'inia kwa mstari, meusi, yamenyooka, yananukia. Na kila moja limebanwa lebo yenye neno moja kubwa: HONGERA!

Nikasimama.

Dada wa pasi alikuwa analia na kujitetea kwa wakati mmoja. Alisema, “Mimi nimeona imeandikwa hongera, na ni mahafali. Nikajua mama kawaandalia zawadi. Ningejuaje?”

Mwanyumba naye alikuwa amefika. Ameitwa kabla yangu. Akainamia lebo moja, akasoma herufi ndogo zilizo chini ya ile hongera, zile za mchwa: “Printa yako imewekwa na iko tayari.” Ni karatasi ya majaribio. Akaketi kwenye kompyuta, akafuatilia, akaeleza bila kupandisha sauti. Draiva ya printa ilichukua muda wake kama kawaida. Majina yote yakawa yanasubiri kwenye foleni. Ilipomaliza ikauliza: nichapishe karatasi ya majaribio? Kifurushi changu kikajibu ndiyo, kwa kila jina lililokuwa linasubiri. Kisha ikauliza: nifute foleni? Ndiyo.

Nikasema printa hiyo ina hitilafu tangu ilipouzwa. Mwanyumba hakucheka, hata kidogo. Angecheka ningepumua.

Vikaratasi vya majina vilikuwa vimeshachukuliwa na gari la taka.

Mama mkwe akapanda juu ya kreti la sabuni. Akawaagiza wahitimu wapange mstari kwa urefu, kuanzia ukutani. Majoho nayo tukayapanga kwa urefu. Kazi yangu ilikuwa kushika futi. Mrefu na refu, mfupi na fupi. Waliolingana wakaanza kugombana; kuna dada wawili walivutana joho moja kila mtu na mkono wake mpaka mshono ukasema. Wanene na wembamba hatukuwafikiria kabisa. Mkuu wa chuo alifika mwishoni, akiwa na haraka, na lililobaki lilikuwa moja. Limemwishia magotini. Ameondoka nalo, soksi zote nje.

Watu walipoisha, mama mkwe alikaa juu ya lile kreti. Sijawahi kumwona amekaa hivyo, mikono mapajani. Akaniuliza taratibu, “Baba, mimi sikukuambia usubiri mpaka Jumatatu?”

Nikasema uliniambia, mama.

Akasema chuo hicho amekifulia tangu mke wangu ananyonya. Basi. Angenifokea ingekuwa afadhali.

Jumapili, 9 Novemba

Mke wangu ameniambia niende nikaombe radhi, na kwamba yeye hatanisindikiza. Nimekwenda.

Mwanyumba alikuwepo, anaweka draiva upya. Kiti chenye mto kakalia yeye. Mimi nilikaa kwenye gunia la taulo chafu. Nikaomba radhi kwa mama mkwe, nikaomba na kwa dada wa pasi. Mama mkwe akasema yamepita. Mkuu wa chuo ameshampigia. Amekasirika, ila wahitimu wawili wamemwambia kwamba neno la hongera kwenye joho liliwapendeza, kwa hiyo mwaka kesho atafikiria. Atafikiria tu. Roho ikanishuka kidogo, kisha ikapanda tena, kwa sababu mama mkwe akaendelea: mashine za duka la pili atazishughulikia mwanyumba. Mimi nibaki na programu, na nisiguse kitu ila kwa kuitwa.

Nilitaka kumchukia mwanyumba, lakini akanisogezea sahani ya biskuti. Akaniambia, “Mwanyumba, programu yako ni nzuri, mimi mwenyewe naisifia kwa watu. Draiva weka kwanza, zitazame zimalize, halafu weka ya kwako. Na kama inachelewa, mwambie mtu inachelewa.”

Nikamwambia nimeelewa. Na wakati huo, naapa, nilikuwa nimeelewa. Tukakaa wote watatu tunautazama mstari wa kijani. Mama mkwe akasimulia jinsi alivyoanza na beseni moja na pasi ya mkaa. Stori nzuri sana. Sikuwahi kuisikia, kwa kuwa sikuwahi kukaa.

Jumatano, 12 Novemba

Sina budi kuandika haraka kwa furaha.

Nilikwenda kwa daktari wa meno kung'oa gego. Kumbe ana dhiki! Kliniki yake imenunua kamera ya kuingia mdomoni, mashine ya kupiga picha za meno, na kiti kinachojiinua na kujilaza kwa kompyuta. Kila kimoja kina draiva zake, na zina mwendo wa konokono. Aliyemuuzia alimwambia atenge siku nzima, afunge kliniki, asubiri.

Nilikuwa nimejazwa pamba mdomoni, lakini nikamfahamisha kwa ishara kwamba amempata mtu. Pamba ilipotolewa nikamweleza. Kifurushi kimoja! Programu ya wagonjwa, kamera, picha na kiti, vyote pamoja, kimyakimya, nyuma ya pazia. Yale ya dobi yalitokana na nguo. Hapa hakuna nguo, hakuna foleni ya lebo, hakuna cha kuchanganyika. Meno ya mtu yamo kinywani mwake, yatakwenda wapi?

Mke wangu amesikia, akaingia chumbani na kufunga mlango. Ataona.

Naanza kesho asubuhi. Daktari aliuliza kama awaahirishe wagonjwa. Nikamwambia wa nini? Wa kwanza aje tu kama alivyoandikiwa, alale kitini, afungue mdomo. Kabla hajachoka kuufungua, tutakuwa tumeshamaliza.