Ombi la Kupita Lango

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekabidhiwa mlinzi. Nimelipokea jambo hili kwa utulivu unaostahili.

Binti yangu mkubwa anatunga mchezo wa kusoma kwenye simu. Mwaka wa pili sasa, na meza yetu ya chakula hatujailia. Msomaji wa mchezo huo husoma hadithi, hufika mahali mtu akamsemesha, huchagua jibu moja kati ya matatu, na hadithi hufuata jibu lake. Safari yote ni ya kuufikia mji na kuumaliza. Nimeusoma mji huo. Una daraja linalorefuka kila msafiri anaposema uongo. Una muuza chumvi ambaye usipomsalimu sura ya kwanza, sura ya nne anakuuzia chumvi iliyolowa. Mji mzuri, ijapokuwa hauna masjala.

Kampuni moja imekubali kuuchukua mchezo kwa sharti. Wasomaji thelathini wa majaribio, na nusu yao wafike mwisho kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Wasipofika, binti anarudi kwenye kaunta ya duka la simu alikoacha kazi. Amekonda. Leo aliniomba nimsaidie kumwandika mlinzi wa lango tu. Majibu matatu, mafupi, kila moja liende njia yake.

Soko lote ameandikiwa na msusi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, anayetunga katikati ya kichwa na kichwa. Sentensi zake zinatia huruma. Mtu anaulizwa jambo zito anajibu "Sitaki", yamekwisha. Mimi nina miaka kumi na tisa nikiwaandikia watu barua za maombi, mezani kwangu, mbele ya ofisi ya serikali. Hakuna aliyenisomesha. Nimejifunza kwa barua zilizokataliwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mlinzi amekamilika. Ni karani wa dirisha la nne la ofisi ile.

Naeleza. Karani huyo, ambaye sisi wa nje humwita Rudi Kesho, amenirudishia barua zaidi ya mia moja. Pambizo nyembamba. Wino wa bluu usiokubalika. Wino mweusi usiokubalika. Nimeona wasaa wa kumwaibisha mbele ya ulimwengu. Nimempa mlinzi tai yake fupi, miwani yake juu ya kipaji na kikombe chake kilichofunikwa kisosi. Ulimwengu utacheka.

Majibu ya msafiri nimeyaandika mwenyewe, kwa hatua saba. La kwanza katika hatua ya kwanza linaanza hivi: "Kwa heshima na taadhima, mimi msafiri niliyetajwa hapo chini, nikiwa na akili timamu na pasipo kushurutishwa na mtu, naomba kuwasilisha kwako ombi tajwa." Yanafuata maneno mengine themanini. Binti alisoma mwanzo huo, akafumba macho, akauliza kama yote matatu hayasemi kitu kimoja. Nikamfafanulia kwamba la kwanza ni ombi, la pili ni ombi rasmi, na la tatu ni kumbusho la ombi. Alikuwa na daraja la kurekebisha. Akaniachia niyaingize mwenyewe.

Msusi alichungulia begani kwangu. Akauliza kama huyo msafiri anataka kuingia mjini au anataka kuoa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya ushindi, hadi alasiri.

Majaribio yamefunguliwa asubuhi. Binti ana jedwali kwenye kompyuta linaloonyesha kila msomaji alipo, kwa nukta. Saa tisa nilihesabu. Langoni kwangu, ishirini na wawili. Sokoni kwa msusi, hakuna mtu hata mmoja! Nilimwita mke wangu aje aone jinsi baba watoto anavyopendwa. Alitazama jedwali kwa muda. Akauliza kwa nini nukta hazitembei.

Binti aliniketisha, akanipa simu, akaniomba nipite lango langu mwenyewe. Jaribio la kwanza, Rudi Kesho alinirudisha kwa kukosa viambatisho. La pili, kwa viambatisho kuzidi. La tatu nilifika hatua ya sita, nikasahau kama cheo chake kinatangulia jina au kinafuata. "Rudi kesho, msafiri." Hatua zile nilizitunga mimi, lakini mpangilio wake umenitoka.

Nilikiri kuwa uhalisia wake ni wa hali ya juu.  Binti aliweka kichwa juu ya meza, pembeni ya kibodi, kama mtu anayesikiliza mbao.

Jumla hadi jioni: waliopita, sifuri. Waliojiondoa, watano.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimechoka. Hata hivyo mtu mwenye njia haketi.

Njia ya kwanza. Niliwaandikia wasomaji wote waraka wenye kichwa "Mwongozo wa Kupita Lango", kurasa kumi na moja pamoja na yaliyomo, nikautuma kabla binti hajaamka. Kufikia saa nne walikuwa wamejiondoa wengine sita. Mmoja alitujulisha kwamba mambo ya namna hii anayapata bure kazini.

Njia ya pili. Nilijiandikisha mchezoni mara tano, kwa majina matano ya kubuni, ili wapatikane watano wa kupita. Binti alitutambua kabla ya chakula cha mchana. Wote watano walipoulizwa jina waliandika "Wako mtiifu". Isitoshe, hakuna aliyepita. Ametufuta.

Alinisihi tuling'oe lango. Nilimjibu kwamba andiko lililokwisha kuwasilishwa haliondolewi ila kwa maandishi. Akasema atasubiri hadi kesho, labda watu watazoea. Nadhani alinionea huruma, jambo ambalo sikulikataa.

Saa kumi na moja jioni, muujiza. Msomaji wa kumi na nne amepita! Dakika nne tu, hatua zote saba, pasipo kosa. Nilisimama. Nikapeana mkono na mke wangu. Kumbe bado duniani wamo watu waliolelewa.

Msusi ndiye aliyewakusanya wasomaji, wengi kutoka kwa wateja wake. Akapekua daftari. Namba kumi na nne ni mume wa mteja wake wa kila mwisho wa mwezi. Anafanya kazi ofisini, dirisha la nne.

Sikula.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Karani alitoka dirishani kwake, akaja hadi mezani kwangu. Kwa miaka kumi na tisa hajapata kuzivuka zile ngazi. Nilijiweka sawa nipokee hasira zake.

"Mzee wangu," akasema, "nimesikia ndiwe uliyemwandika yule mlinzi. Nakupa hongera. Mji mzima ule, mtu wa kazi ni yeye peke yake."

Hakujitambua. Tai ile ile, miwani juu ya kipaji vile vile, ananisifia! Akaongeza kwamba fomu ya hatua ya tano haina nafasi ya tarehe, nami nilikuwa nimeinua kalamu ninakili kabla sijakumbuka kuwa ni adui. Nikamuuliza mji aliuonaje baada ya lango. Akashangaa. Hakuingia. Lango lilipofunguka alirudi nje akaanza upya, na jana amefanya hivyo mara tisa.

Nilimfikishia binti salamu hizo, nikidhani zitamfurahisha. Alikuwa amesimama dirishani na kikombe kitupu. Waliojiondoa walikuwa kumi na watatu. Wamebaki kumi na saba, na wanatakiwa kumi na watano.

"Baba," akasema, wala hakupaza sauti, "nyuma ya hilo lango kuna mji. Nimeujenga miaka miwili. Hakuna mtu aliyeuona."

Mke wangu, aliyekuwa anakunja nguo, alimalizia pasipo kunitazama: "Umemkalia mwanao mlangoni."

Nilikuwa na majibu matatu, yote yamepangika, lenye adabu zaidi likiwa na aya mbili. Nikasema, "Sawa." Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Msusi aliitwa. Alikuja na kitana mdomoni, akaandika akiwa wima, kwa robo saa. Msafiri anafika langoni na ana majibu matatu. "Shikamoo, mzee." "Naomba kupita." "Nipishe." Ukimwamkia, mlinzi anajibu marahaba na kukuambia yupi sokoni ni mwizi. Ukiomba, unapita bila maelezo. Ukisema akupishe, anakupisha, lakini anapiga mluzi, na mjini wanajua mtu wa aina gani anakuja. Maneno matano kwa jumla. Nimeyahesabu mara mbili.

Nilitamka, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba hayana rejea wala viambatisho. Msusi akanijibu, "Baba, mtu akikuamkia wewe unamdai viambatisho?" Nilimwahidi kulifikiria.

Binti aliwapigia simu wote kumi na saba, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi. Jina langu hakulitaja. Alisema tu kulikuwa na hitilafu langoni.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kufikia saa nne asubuhi, nukta zimejaa mjini. Soko lingesikika, kama nukta zingekuwa na sauti. Mtu mmoja amekaa kwa muuza chumvi dakika ishirini, anamwuliza habari za watoto wake. Binti alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, hajiamini.

Saa tano na nusu waliofika mwisho walikuwa kumi na wanne. Wawili walilala au walisafiri, nukta zao hazijasogea tangu jana. Akabaki mmoja, msomaji wa sita, naye yuko darajani. Mlinda daraja anamwuliza ametoka wapi. Akachagua uongo. Daraja likarefuka. Akaulizwa amebeba nini. Uongo. Likarefuka. Msusi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja kusimama nasi. Mteja naye akaja. Tukatazama nukta hiyo watu watano kama tunaotazama uji usichemke ukamwagika.

Nilichukua simu nimwandikie msomaji wa sita ushauri mfupi. Mke wangu akaikalia.

Saa sita kasoro dakika kumi, uongo mwingine. Binti alikuwa na uwezo wa kulifupisha daraja, kwa kubonyeza mara moja tu. Nilimwonyesha kitufe. Akakataa. Alisema huyo mtu anacheza vizuri, tumwache acheze.

Kasoro dakika sita akaulizwa anakwenda kufanya nini mjini. Chaguo la tatu: "Sijui." Akalibonyeza. Daraja likajikunja lote kwa mara moja, kama mkeka, na ng'ambo ikaja miguuni mwake. Kasoro dakika mbili akamaliza. Kumi na watano.

Binti alilia kwa kwikwi. Msusi alimkumbatia, kitana kikiwa bado mkononi, akamchoma. Kampuni ilithibitisha saa nane. Mchezo umechukuliwa.

Nami nilishikwa mkono. Na binti mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku ya kutafakari. Nimepima mambo yote kwa haki, na ninaandika matokeo.

Wale kumi na watano walifika mwisho kwa sababu moja: walikuwa wamepikwa langoni kwangu kwa siku mbili. Aliyezoeshwa kukataliwa hatishwi na daraja. Sikumweleza binti hivyo. Apumzike kwanza.

Leo alasiri alinijia kwa upole na kazi mpya. Kampuni inataka sura moja ya ziada, na uwanjani pameongezwa kisima. Panahitajika kibao. Akasisitiza kwamba kibao hakisemeshi mtu, hakimzuii mtu wala hakina majibu ya kuchagua. Ni kibao tu. Neno moja latosha, na neno lenyewe ni "Maji".

Nimekubali kwa heshima na taadhima. Nimemaliza ukurasa wa kwanza. Mchotaji ataanza kwa kubainisha ni maji ya kunywa, ya kufulia au ya matumizi mengineyo, ambayo ayaeleze. Nimeacha nafasi ya tarehe.