Dhahabu ya Sebuleni

Jumatatu, 23 Juni

Daftari, hujambo? Mimi mzima, hofu ni kwako wewe, uliyetoka dukani kwa Chirag ukiwa mpya kabisa ukaangukia mikononi mwangu. Kabla sijaacha shule darasa la tano walikuwa wamenifundisha kuandika barua tu, basi nawe nitakuandikia kama barua. Na salamu hazirukwi.

Baba Klara anakusalimia. Yuko machimboni, anashuka duarani, shimo la dhahabu, na matumaini, anapanda na vumbi. Klara anakusalimia, mwanangu wa kwanza, mwenye akili kuliko ukoo mzima. Ignas anakusalimia, yule asiyekula mlenda. Wiliam, kitinda mimba wangu, anakusalimia. Bado anakojoa kitandani, ila usimwambie mtu. Watoto hawa watatu hawako hapa Geita, wako Shinyanga mjini, Kambarage, kwa wifi yangu Mbuke. Salamu zao nazitoa mimi kwa niaba yao. Kuku hawakusalimii. Waliungua.

Nyumba iliungua mwezi wa nne. Si kosa langu! Nilitaka biashara ya barafu. Friji nikapata, umeme nikavuta kwa jirani yangu Ghati, kwa waya mmoja mwembamba uliopita darini. Waya ndio uliokosa. Paa lote likaenda. Na sebule yangu! Krismasi nilikuwa nimeipaka rangi ya dhahabu yenye kumetameta, ukuta mzima. Ghati alipoiona alishindwa kumeza soda.

Leo fundi Nasibu kaja kukagua. Kasema vyumba viwili vya nyuma ni vizima, vinataka mbao na bati tu. Bati tunazo, Baba Klara kazinunua, ndizo ninazolalia hapa chini ya turubai. Lakini kuta za sebule zimepasuka na zimeinama. Zibomolewe kwanza, kifusi kitolewe, la sivyo zitawaangukia watoto. Kubomoa si kazi yake, anataka vibarua. Vibarua wanataka hela, na hela yote mimi nailalia.

Jioni simu ya Wifi Mbuke. Mwalimu yule, nyumba ya vigae, choo cha ndani. Kasema kwa upole (upole wake unakwaruza kama msasa) kwamba shule zikifunguliwa tarehe nane Julai na nyumba haina paa, anawaandikisha watoto huko huko. Nikamwambia watoto si mbuzi wa kuhamishiwa zizi. Kasema ndiyo maana hataki walale nje kama mbuzi.

Wiliam alipewa simu. Nikasikia anamuuliza wifi: mama, huyu ni mama wa Geita?

Mama wa Geita! Kama jina la basi.

Jumanne, 24 Juni

Mpango wa kwanza: jumuiya ya kanisani. Zamani kwetu Usukumani kazi nzito ilipigiwa ngoma, watu wakalima shamba la mwenzao huku wanacheza. Nikawaza, Wakristo watashindwaje? Nikaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mzee Selestine, nikalia kidogo, si sana. Kakubali papo hapo.

Walikuja wengi. Waliimba nyimbo zote wanazozijua. Walisali mbele ya kila ukuta. Mama mmoja alipiga picha na sebule yangu nyuma yake, kainamisha kichwa kwa huzuni, kisha akairudia kwa sababu alifumba macho. Wakala ugali wangu na dagaa wangu. Mzee Selestine kasema Mungu ndiye mjenzi. Wakaondoka.

Ukuta haukupungua hata tofali moja. Unga umekwisha.

Ghati kachungulia juu ya ua, kaniuliza kama Mungu kaleta sururu yake au ataazima. Mshenzi.

Jumatano, 25 Juni

Nimeupata! Nimeupata mpango!

Asubuhi nilipita karashani, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Lori lilipita likayumba, likamwaga udongo kidogo barabarani. Wanawake walitoka sijui wapi, wakaufagia mpaka lami ikang'aa. Wawili wakapigana kwa ajili ya vumbi la tairi. Nikasimama palepale. Kumbe! Watu hawa hawatabeba tofali moja kwa upendo wa jirani, lakini waambie kuna dhahabu, watabeba mlima na kukushukuru.

Na uongo wenyewe ni nusu tu. Udongo wa tofali za sebule Baba Klara aliutoa kweli karibu na maduara ya zamani.

Nikaenda kwa Ghati kununua maandazi. Nikamwambia nina siri, asimwambie mtu. Tofali za sebule yangu, mwenzangu, tangu ziungue kuna kitu ndani yake kinang'aa. Naogopa. Nifanyeje? Ghati akaniapia kwa mababu zake wote wa Tarime kwamba itakufa naye.

Bado sijafika turubaini, nikamsikia anamwita jirani wa pili.

Alhamisi, 26 Juni

Furaha! Toka alfajiri watu. Nyundo, sururu, karai, viroba. Wazee kwa vijana, wenye miwani na wenye madeni. Wananisalimu kama malkia: mwangaluka, mayo! Nami naitikia huku nimekaa kwenye kigoda. Kabla ya mchana kuta zote za sebule zilikuwa chini, na kifusi chote kinaelekea mwaloni, penye maji, kwa pikipiki, kuoshwa. Wamefagia hata majivu! Mzee Selestine naye nilimwona, na kiroba, anajifanya anapita.

Nasibu alipofika kashika kiuno. Nikamwambia fundi, andaa mbao, vibarua wangu wamemaliza. Kaniuliza nimewalipa nini. Nikamwambia heshima.

Ghati peke yake hakugusa nyundo. Kaweka meza chini ya mwavuli, anauza chai na maandazi. Sufuria baada ya sufuria, hapumziki. Maskini, hajui hata kuchangamkia fursa.

Nikampigia Wifi Mbuke. Nikamwambia watoto wafungashe mabegi. Kasema hongera. Neno lilimtoka kama jino.

Mchana walianza kuvitazama vyumba vya nyuma. Nikasimama mlangoni nikawaambia kweli tupu: jamani, tofali za huku ni za kununua, hazina kitu. Nendeni salama, asanteni, wabeja sana. Wakatazamana.

Ijumaa, 27 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ile rangi yangu ya Krismasi. Moto uliiyeyusha ikawa chembe chembe ndani ya plasta. Jana jioni mtu kaosha kifusi, karai likameta. Leo wamekuja mara tatu ya jana. Wengine wamefika na mabasi kutoka Kagongwa!

Nikapiga kelele kwamba ile ni rangi! Rangi ya kopo! Chirag kaniuzia mwenyewe, muulizeni! Wakacheka. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, mama, tangu lini mwenye duara akalisifia duara lake? Hapo nikaelewa jana nilifanya nini. Huku kwetu, anayesimama mlangoni akasema hapa hakuna kitu, ndiye aliyekalia mwamba wa dhahabu.

Nikaweka kigoda ndani ya chumba cha watoto, nikakaa. Nikasema watapita juu ya maiti yangu. Hawakupita juu ya maiti. Waliniamkia shikamoo mama, wakaninyanyua na kigoda changu, wanne, kama bibi harusi, wakaniweka chini ya mpapai. Mmoja akanirudishia kandambili iliyodondoka. Watu wenye adabu sana.

Kisha wakabomoa chumba cha watoto. Kisha chetu. Ukuta ambao Klara alikuwa anachora kwa mkaa alama za urefu wake na wa wadogo zake nimeuona unapita kwenye kiroba. Nikamkimbilia mwenye kiroba, nikamwomba kile kipande tu, chenye mkaa. Kaniambia nipange foleni.

Walipomaliza kuta wakaanza sakafu.

Jumamosi, 28 Juni

Kimya. Wameosha, wametia zebaki, na zebaki haikushika kitu. Wameondoka wananitukana. Eti mimi tapeli! Mimi niliyewaambia ni rangi!

Palipokuwa na nyumba pana shimo. Bati zipo. Choo kipo.

Mchana kaja Baba Klara. Habari za rashi, watu kukimbilia dhahabu mpya, zilimfikia duarani kwake, kwamba mjini kuna mama dhahabu imetoka ukutani kwake. Kaacha shimo lake, kadandia lori na karai kichwani ili awahi nafasi. Hakujua rashi ni ya kwake mpaka alipouona mlango wa bluu wa choo chetu.

Kaweka karai chini. Kakaa juu yake. Nikampa maji, hakunywa. Nilimweleza yote tangu mwanzo, na mbona mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kasema tu, Mama Klara, vyumba viwili vilikuwa vinasubiri mbao.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumanne, 1 Julai

Ghati kanunua sofa!

Nimeliona kwa macho yangu, limepakiwa kwenye guta la mizigo, linapita mtaani. Sofa la kona, jekundu, bado lina nailoni. Alipita nalo polepole, mlango wake uko upande wa pili lakini kazunguka mbele ya shimo langu. Kaniambia karibu ukae, jirani, maana kwako naona viti ni shida.

Sofa! Ghati wa maandazi! Katoa wapi?

Nikamwambia Baba Klara, unaona? Kuna aliyepata. Kasema kapata kwenye chai. Kawauzia chai watu wote wale siku mbili, hata wa Kagongwa walimwuliza kama ana supu. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Chai! Chai inunue sofa la kona? Kwa nini basi hakushika nyundo siku ile? Kwa sababu anajua pa kungojea! Alikuwa anaangalia nani katoka na nini, kisha jioni kajiokotea kimyakimya. Mimi namjua Ghati.

Na nikawaza jambo jingine. Wale waliosha kuta. Waliosha sakafu. Chini ya sakafu hawakufika. Na udongo wa zile tofali ulitoka wapi? Karibu na maduara. Na maduara yako wapi? Si hapo ng'ambo tu?

Baba Klara kasema anachimba tangu kabla hajanioa, na pale chini pana mchwa. Nikamwuliza kwa miaka yote hiyo kapata nini. Kainuka kaenda kwa Nasibu.

Nimechukua karai lake.

Alhamisi, 3 Julai

Mikono imetoka malengelenge. Nimefika udongo mwekundu. Dalili nzuri.

Baba Klara kaja na habari zake. Nasibu ana chumba kikubwa cha uani, anatupatia tukae mpaka tujenge tena, na yeye atalipwa kwa bati chache. Kumeshapigwa simu Kambarage. Wifi Mbuke kakubali! Kasema paa ni paa, hata la kuazima, na watoto wanamlilia mama yao. Wiliam kagoma kula. Jumamosi anawapandisha basi, na shule inawakuta hapa hapa.

Nikapiga vigelegele. Nikafua shuka. Nikawaza Ignas nitampikia kitu chochote kisicho mlenda.

Kisha nikakumbuka. Kwa Nasibu ni mbali, mtaa wa tatu. Nikihamia kule, nani atalilinda shimo? Ghati juzi nimemwona anamwaga maji machafu karibu na ukingo, shingo imemtoka kama twiga. Na watoto wakija kushinda hapa, Wiliam si atatumbukia? Mama gani anamleta mtoto wake kwenye shimo?

Baba Klara kasema basi tulifukie. Kulifukia! Sasa hivi! Nimefika udongo mwekundu!

Kajitwika bati kichwani, zote, safari mbili, kazipeleka kwa Nasibu. Kasema chumba kipo, nitamkuta huko. Na turubai kaniachia. Mwanaume mwema, ila haoni mbali.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi Klara kapiga simu akiwa stendi. Mabegi yamefungwa, Wiliam kavaa viatu vya kanisani, shangazi yao kasimama na nauli mkononi, anangoja neno langu tu. Nyuma nikamsikia Wiliam: mama yuko wapi? Hakusema wa Geita. Kasema mama.

Nililia, daftari. Nililia nimeshika simu kwa kiwiko kwa sababu viganja vina matope.

Nikamwambia Klara, mwanangu, rudini kwa shangazi. Siku chache tu. Kama kuwaandikisha, awaandikishe, jina halichubui ngozi. Nikija kuwachukua nitakuja na gari, mtakaa mbele. Sebule tutaipaka upya, rangi ileile. Na sofa la kona, kubwa kuliko la Ghati.

Nikamsikia Klara anashusha begi chini. Kisha kasema sawa, mama. Yule mtoto ana akili kuliko ukoo mzima, lakini sauti ile sikuipenda.

Sasa nimekaa ukingoni. Chini, kwenye udongo mwekundu, kuna kitu kinameta. Si rangi. Huku chini rangi ingefikaje? Karai la Baba Klara limetoboka kwa kuparuza mawe, na nimesikia Ghati anapiga hesabu na watu wenye koleo.

Nimemtumia Klara ujumbe. Nimeunakili hapa usipotee:

Klara mwanangu, msalimie Ignas, msalimie Wiliam, mwambie ale. Msalimie shangazi yako. Muulize kama ana karai la ziada, la bati, si la plastiki, alitume kwa basi la leo. Nijibu upesi.