Malalamiko ya Wabeba Machela wa Busunzu Kuitwa Wadau

Busunzu, Kibondo
6 Aprili 2014

Kwa Ndugu Lukmani,
Mratibu wa Wanaojitolea,
Kibondo Mjini.

Ndugu Mratibu,

Mwakeye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa ofisini. Huku hatujambo, mvua inanyesha. Naandika kwa heshima zote, ila nina hasira; ukiona kalamu imetoboa karatasi, ujue ndiyo sababu.

Mimi ni Mwajabu, mwenye duka la njia panda, mwenyekiti wa watu wanaobeba wagonjwa kwa machela hadi zahanati. Kazi hii tumeikuta kwa wazee wetu. Mgonjwa akizidiwa, mtu wa nyumba yake anatoka nje anaita majirani kwa majina, kwa sauti: Nsengimana we! Tharsisi we! Aliyeitwa kwa jina lake akabaki amekaa, siku yake ikifika hatapata wa kumbeba. Kwa hiyo hakuna anayebaki amekaa. Malalamiko ni haya:

1. Mwaka jana mlikuja na semina mkatuambia kupiga kelele si utaratibu. Tupige simu ofisini, ofisi itume ujumbe kwa wote. Tukasema haya, mgeni habishiwi, na soda zilikuwa baridi.

2. Mwezi uliopita mwanangu Shadia alishikwa na uchungu. Nikafuata utaratibu wako, nikapiga simu. Nakushukuru, hukuchelewa. Ujumbe uliingia kwenye simu zetu zote: "Wadau wa rufaa ngazi ya jamii mnahamasishwa kutoa mwitikio shirikishi kwa mteja aliyeko Busunzu." Nikatandika machela, nikasubiri. Hakuja mtu.

3. Nsengimana alikuwa ng'ambo ya barabara akipalilia maharage, jembe lake nalisikia. Ameniambia baadaye kwamba aliusoma, akawaonea huruma hao wadau kwa kazi waliyopewa, akaendelea na palizi. Tharsisi alijua wadau ni wale waliopata fulana kwenye semina, naye fulana ziliisha kabla ya kumfikia. Nitawalaumu kwa lipi? Hawakuitwa.

4. Halafu hilo la mteja. Mwanangu si mteja, Ndugu Mratibu. Uchungu ule hakuununua kwa mtu.

5. Shadia alinishika mkono akaniuliza mbona hawaji, kwani kuna mtu tumemkosea? Hapo nililia, sikufichi. Nikauweka utaratibu wako chini, nikatoka barabarani bila hata mtandio, nikaita majina kama alivyokuwa akiita marehemu mama yangu. Yoo! Walikuja mbio, wengine na majembe begani, Nsengimana mbele yao. Lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa njiani, juu ya machela, kando ya migomba ya jirani yangu Maximilla, na Maximilla ndiye aliyempokea kwa kanga yake. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Ingekuwa vinginevyo, barua hii nisingeiandika kwa kalamu.

6. Kwa hiyo tunaomba neno hilo la wadau, pamoja na ndugu zake wote, lifungiwe kabatini kwako na ufunguo apewe mlinzi. Kama ofisi haituamini, ijaribu yenyewe. Siku moja chakula cha mchana kikiiva, asiitwe mtu. Tangazeni tu kwamba wadau wa lishe wanahamasishwa. Tuone ugali utapoa kiasi gani.

7. Atakayerudia kutuandikia hivyo abebe machela mwenyewe, kutoka mtoni hadi zahanati, kile kilima chote. Mgonjwa nitakuwa mimi. Nimejitolea, na mwili wangu unaujua.

Hatukatai simu zenu. Andika tu: Nsengimana, Tharsisi, njooni kwa Mwajabu, Shadia anajifungua. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukuandikia.

Msalimie mama watoto, Nasma, na dereva, na huyo mlinzi wa ufunguo, na yule binti anayepokea simu. Mwambie sauti yake inatuliza moyo. Nsengimana naye anakusalimu, ingawa tangu siku ile akipita dukani anaangalia chini.

Ni mimi ninayekuheshimu hata nikinuna,
Mwajabu,
Mwenyekiti, Wabeba Machela.

N.B. Nilisahau kukwambia, mtoto ni wa kiume. Jina la akika ni Abbasi, lakini Tharsisi na utani wake alianza kumwita Mdau, na sasa Busunzu nzima inamwita hivyo. Hata mimi bibi yake nimejikuta namwimbia Mdau, Mdau, nikimbembeleza, na analala. Basi neno hilo usilifungie tena kabatini, ni letu sasa. Ila ukituandikia tena kwamba wadau mnahamasishwa, ujue atakayeitika ni huyu mmoja tu, na shingo yake bado haijakaza.