Moshi wa Kumuleta Elodie

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimepata siri ya utalii! Semina ya wenye nyumba za wageni, hapa Nguba, kwenye salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa. Profesa alichora mistari ubaoni: watalii, umeme, uchumi, na hewa ya ukaa, yaani moshi. Yote inapanda pamoja, inashuka pamoja. Halafu aliongeza kitu, ati kupanda pamoja si kusema moja ndiyo inavuta ingine. Hapo sikusikiliza vizuri. Elodie alikuwa ameketi mbele yangu, amesuka upya.

Elodie anaongoza watalii wanaokwenda kuona gorila. Zamani aliwaleta kulala kwangu, anakaa barazani, anakula samaki sambaza, anacheka. Tangu watalii wapungue, simuoni tena kwangu. Hamu yake inanila mpaka bukari, ugali wetu, haishuki. Lakini sasa hesabu iko wazi. Moshi ukipanda, watalii wanakuja. Watalii wakija, Elodie anakuja. Kazi yangu ni moshi.

Jumanne, 9 Julai

Nimefufua groupe, jenereta ya marehemu papa yangu. Inatoa umeme, inakohoa kama muzee wa tumbaku. Mazout, mafuta yake, je? Nikauza godoro la chumba cha wageni. Maman Rosette, mupishi wangu, akauliza wageni watalala juu ya nini. Nikamwambia kwanza waje. Akarudia viazi vyake.

Jumatano, 10 Julai

Nimewasha toka asubuhi. Taa zote, jua likiwaka. Moshi mweusi kabisa. Saa nne akatokea mutalii, muzungu mwenye kofia. Nikakimbilia mulangoni. Akaziba pua, akavuka barabara, akaingia kwa jirani yangu Zagabe.

Huyo Zagabe ana paneli za jua. Hana kelele, hana moshi, na vyumba vyake vimejaa. Jambo hilo linaniharibia hesabu. Nilipanda ukuta wake nichungulie, maana bila shaka ana groupe anaificha. Bibi yake akanikuta pale juu, akauliza kama nimepoteza kuku. Nikasema ndiyo. Akanisaidia kumutafuta mpaka saa sita, mama wa watu.

Alhamisi, 11 Julai

Wamekuja! Wabelgiji, mutu na bibi yake. Kwa Zagabe hakuna nafasi tena, lakini mimi najua ni moshi. Nikawauliza kwanza nani amewaleta. Taksi, wakasema. Basi nikawaonyesha chumba. Bibi akauliza godoro liko wapi. Nikaeleza, kwa Kifaransa changu kizuri, kwamba godoro ndilo lile linalowaka nje. Wakarudi kwenye taksi.

Jioni nilikaa barazani peke yangu. Kiti cha Elodie kiko pale pale, sijaruhusu mutu akikalie. Natazama ziwa, natazama njia. Kile kicheko chake ndicho nakosa zaidi ya vyote.

Jumamosi, 13 Julai

Elodie amekuja. Yeye mwenyewe, kitambaa puani, macho yanatoka machozi. Bado muzuri vile vile. Maman Rosette anasema wageni wa Zagabe ndio walimutuma, hawawezi kulala. Sawa, lakini amekuja. Alinishika mukono, akasema mambo mengi, kwa upole. Sikusikia hata neno kwa sababu ya groupe. Akanionyesha kwa vidole niizime. Nizime? Moshi ukiisha, si naye ataondoka? Nikakataa kwa kichwa, nikitabasamu. Akaniangalia sana, kisha akaondoka.

Jumapili, 14 Julai

Maman Rosette alimusindikiza Elodie jana mpaka barabarani, akasikia yote. Leo baada ya misa amenieleza. Elodie alisema anakumbuka baraza yangu. Alisema mwaka muzima anangoja nimupigie simu, angekuja bila mutalii hata mumoja. Kesho anahamia Katana kwa dada yake, ila leo yuko nyumbani, anangoja simu. Nikipiga, hahami. Maman Rosette akanitia simu mukononi.

Nimeifikiria sana hiyo simu. Lakini hesabu ni hesabu. Sijawahi kumupigia Elodie, na hakuna siku hata moja simu yangu ilimuleta. Moshi ulimuleta jana, watu wote wa Nguba wameona. Siwezi kubahatisha na jambo kubwa namna hii.

Nimeuza simu. Mazout imejaa mpaka juu. Groupe inawaka tangu saa nane, na mimi niko barazani, naangalia njia.