Jina Langu Ndani ya Kerneli

Jumatatu, 3 Machi
Nimeropoka. Baba mkwe kauliza nafanya nini siku nzima mbele ya kompyuta. Nikamwambia jina langu limo ndani ya kerneli, moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta, ambao watu wa dunia nzima huuandika kwa kujitolea. Akasema atakuja Jumamosi aone mwenyewe. Halimo! Mke wangu kacheka mpaka kapaliwa na chai.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata! Programu siwezi kuandika, lakini maelezo ya draiva, vile vijiprogramu vya kerneli vinavyoendesha vifaa, nayo hukaguliwa, na mkaguzi huandikwa jina. Kikwazo ni Mama Koma, mkaguzi ninayemjua kwa barua pepe tu. Nilichagua badiliko dogo kuliko yote: koma moja kwenye maelezo ya kadi ya sauti. Nikakuta ameshalikagua. Aya tatu! Kuhusu koma!

Jumatano, 5 Machi
Leo nimemuwahi. Mswaki mdomoni, likaingia badiliko la draiva ya kipima joto. Mtu kafuta "sehemu ya elfu ya digrii", kaandika "digrii" tupu. Fupi, linapendeza. Nikaandika: nimekagua, naafiki. Kufika adhuhuri msimamizi wa draiva hizo keshalipokea. Nina furaha isiyo kifani.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mama Koma kauliza, kwa adabu inayochoma, kama nimewahi kuona kompyuta yenye joto la digrii elfu arobaini na tano. Kumbe draiva ikisema 45000, maana yake ni digrii arobaini na tano tu! Nikajibu huku kwetu kuna joto. Hakucheka. Badiliko litatenguliwa, na jina langu litaondoka nalo. Nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Koma katuma marekebisho ya kulitengua badiliko. Kwenye kumbukumbu ya kerneli, ambayo kumbe haifutwi kamwe, kaandika kwamba anasahihisha kosa lililoafikiwa bila kusomwa, na jina langu kalitaja mara mbili. Mara mbili! Mungu ambariki yule mama.

Jumamosi, 8 Machi
Baba mkwe kaja na miwani yake. Kasoma mstari wote, kauliza kama ni kweli sikusoma. Nikamweleza kwamba sisi wazoefu hatusomi, tunanusa. Akamgeukia binti yake, akampa pole. Lakini jina kaliona! Wakati anavaa viatu limeingia badiliko la maelezo ya chaja. Nimeshaafiki. Nitalisoma Jumatatu.