Uga Ni Wangu, Sifuri Si Yangu

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

YAH: MWALIMU WA FIZIKIA KUINGILIA KAZI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mtunza uga wa chuo hiki, yule ambaye wanafunzi humwita Mzee Chokaa kwa sababu ya mistari. Nimevumilia mengi kwa miaka kumi na tisa, lakini sasa maji yamezidi unga, na kamati inajadili mkataba wangu Ijumaa.

Wiki iliyopita nilikuta tangazo kwenye mlango wa darasa la fizikia: "Leo: Kutatua matatizo ya uga kwa kalkulasi ya vekta." Nilishangaa. Matatizo ya uga nayajua mimi, na huyo Vekta sijawahi kutambulishwa kwake. Nikasimama dirishani na reki yangu, nikasikiliza kipindi kizima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna aliyeniuliza. Matatizo ya uga ni matatu: fuko anayechimbua nyasi usiku, maji yanayotuama golini, na timu ya walimu inayocheza na viatu vya ofisini. Mwalimu hakutaja hata moja.

2. Alisema uga wa sumaku hauna chanzo wala shimo. Hiyo sumaku sijaiona, lakini mashimo nimeyafukia kumi na moja mwezi huu peke yake. La kumi na mbili ulilikanyaga wewe siku ya mahafali, na mimi ndiye niliyekuinua.

3. Alichora mishale uga mzima bila kujali mistari yangu, kisha akauliza ni mingapi inayotoka nje ya mpaka. Mpira ukitoka nje naufuata mimi kwa jirani mwenye mbwa. Mishale yote hiyo ataifuata nani?

4. Hili ndilo lililoniuma. Alihamia kwenye kile alichokiita "uga wa mvutano", ingawa pale hapajawahi kuwa na mvutano wowote tangu fainali ya mwaka juzi. Akaandika alama ndefu yenye kiduara tumboni, akatangaza kwamba ukiuzunguka uga huo na kurudi pale pale ulipoanzia, kazi yake ni sifuri. Mheshimiwa, mimi kila Jumatatu natoka stoo na mashine ya kukata nyasi, nauzunguka uga wote, narudi stoo. Alitaka nirudi wapi? Wanafunzi arobaini walinakili na hakuna aliyenyoosha mkono.

5. Mmoja wa hao arobaini ni binti yangu. Nyumbani nilimwuliza kwa upole, akanijibu, "Baba, usikasirike, njia haijalishi. Ukirudi ulikotoka ni sifuri tu." Mama yake alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mtoto niliyemlea kwa jasho la uga huo huo ananipa sifuri mezani kwangu. Niliumia, nakiri, na chakula sikumaliza.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kabla ya Ijumaa. Kwanza, kamati iandikiwe kwamba kazi yangu ipo, tena ni chanya. Pili, huyo Vekta arudishwe alikotoka, ili naye kazi yake iwe sifuri, maana fahali wawili hawakai zizi moja.

Nisalimie mama watoto, karani wako, mpishi wa bwalo, na hata mwalimu wa fizikia, kwani kinyongo changu si kikubwa.

Wako mtiifu, reki mkononi,
Mtunza Uga

N.B. Barua hii nilimpa binti yangu asahihishe tahajia. Ameniuliza kama nimesahau kwamba mashine imekufa tangu mwezi wa pili, na kwamba nyasi zinakatwa na mbuzi wa shemeji yangu huku mimi nimekaa kivulini. Nimepiga hesabu upya na naona mwalimu hakukosea hata kidogo. Tafadhali muongezee vipindi, ila jibu lake la sifuri lisifike kwa kamati. Mbuzi nao wanauzunguka uga kila siku na kurudi walikoanzia, na hawajawahi kuandika barua.